Mwaka Unakwisha: Deni la Mwandishi Chipukizi

Mwaka unakaribia kutupa kisogo. Sisi tufanyao kazi katika ofisi za serikali tumezoea kufunga hesabu mwezi wa Juni. Ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo kila hati hutafutwa, kila stakabadhi hubandikwa mahali pake, na ole wake karani ambaye fedha zake hazikubaliani na daftari. Lakini nyumbani mambo ni mengine. Hesabu za nyumbani hufungwa Desemba. Ndipo mama wa nyumba anapojiuliza karo ya Februari itatoka wapi, ni nani aliyekopeshwa debe la maharagwe akarudisha nusu, na ni jirani gani aliyekuja kukesha nasi tulipouguliwa. Madeni ya namna hiyo ya mwisho hayaandikwi popote, na mara nyingi ndiyo yanayosahauliwa kwanza.

Katika madeni hayo liko moja ambalo ningependa kulizungumza katika ukurasa huu, nalo ni deni la mtu aliyeanza kuandika kwa wale waliomtia moyo. Nalisema kwa kuwa linanihusu. Mwaka huu hadithi zangu tatu zimepata kutokea gazetini, na zaidi ya msomaji mmoja ameniuliza nilifundishwa na nani. Swali hilo si jepesi. Nilisoma chuo cha ualimu nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka michache, kisha nikahamia utumishi wa ofisini. Katika safari hiyo yote hapana hata mahali pamoja nilipokaa darasani nikafundishwa kutunga hadithi. Hata hivyo najua kwa yakini kwamba kama ningaliachwa peke yangu nisingaliandika hata moja.

Kabla sijafika kwa watu wangu, nitasimulia habari za kijana mmoja aliyeanzia kazi ya kalamu hapa hapa Kampala, juu ya kilima cha Makerere. Habari zake ameziandika mwenyewe na zinajulikana, nazo zinaonyesha jambo ambalo watu wengi hulikosea: kumtia mtu moyo si kumsifu. Sifa ni rahisi, hutolewa hata na mtu aliyesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Waliomsaidia kijana huyu walimpa vitu vingine kabisa.

Kijana mwenyewe alikuwa akiitwa James Ngugi. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Alizaliwa tarehe 5 Januari 1938 huko Kamirithu, karibu na Limuru katika nchi ya Kenya, akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa mzee wa vitabu vingi. Mama yake, Wanjikũ, alikuwa mkulima asiyejua kusoma wala kuandika. Ndiye aliyemwuliza mwanawe siku moja kama angependa kwenda shule. Mtoto alipokubali wakapatana mapatano kama ya watu wazima: mama atafanya kila njia ili asome, na mtoto naye hatakimbia shule kwa sababu ya njaa wala ya taabu nyingine yoyote. Tangu hapo, kila mtoto alipoleta alama zake nyumbani, mama hakushughulika sana na kuuliza amekuwa wa ngapi. Alitaka kujua kama hapo ndipo uwezo wake wote ulipofika.

Naomba akina mama wenzangu tulitazame vizuri swali hilo. Mama huyu hakuweza kukagua daftari la mwanawe, maana herufi zilikuwa kwake michoro mitupu. Lakini aligundua swali ambalo halihitaji kujua kusoma, na ambalo mtoto hawezi kulijibu kwa uongo bila ya yeye mwenyewe kujua. Nilipokuwa mwalimu niliwaona wazazi waliosoma sana wakishindwa kuuliza hivyo. Wao huuliza, "Nani amekuwa wa kwanza?" Kisha mtoto hutajiwa jina la mtoto wa jirani hata akalichukia. Riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ kuchapishwa, Weep Not, Child, inaanza kwa mama anayemwita mwanawe na kumwuliza kama angependa kwenda shule. Basi deni lile liliwekwa mlangoni kabisa mwa kitabu, ambapo kila aingiaye hulikuta.

Kuna kisa kingine cha utotoni mwake ambacho hunichekesha. Alipoanza kusoma hadithi za kusisimua alimwambia rafiki yake wa shule kwamba angependa naye kuandika hadithi kama zile. Rafiki akamwonya: mtu haandiki kitabu hivi hivi, sharti awe na leseni, na akiandika bila ya leseni atakamatwa. Wakabishana sana. Mimi mtumishi wa serikali siwezi kumcheka mtoto yule kwa moyo mweupe. Ofisini kwetu hata meza haihamishwi kutoka dirishani kwenda ukutani bila ya kibali. Aidha, watu wazima wengi wanaamini jambo lilo hilo, ila hawalitamki: kwamba kuandika ni kwa watu waliopewa ruhusa fulani, wenye shahada, wenye majina, wa mjini. Mabishano yale ya watoto wawili yalikuwa na faida yake, kwani mtu anayebishana nawe juu ya ndoto yako amekwisha kukubali kuizungumza.

Ngũgĩ aliingia Makerere mwaka 1959. Chuo hicho wakati huo kilikusanya vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja. Idara ya Kiingereza ilikuwa na jarida dogo, Penpoint, lililoanzishwa mwaka 1958, ambamo wanafunzi walijaribu kalamu zao. Mmoja wa wanafunzi waliomtangulia, aliyehusika na jarida hilo, alikuwa Jonathan Kariara. Siku moja Ngũgĩ alimsimamisha njiani akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi; je, angependa kuitazama? Ukweli ni kwamba hakuwa ameandika hata neno moja. Maneno yalimtoka tu, kama yamtokavyo mtu aliyekaa na jambo moyoni kwa muda mrefu mno.

Kariara angaliweza kufanya mengi. Angaliweza kutabasamu na kupita. Angaliweza kusema kwamba ana mitihani, na ingalikuwa kweli, maana alikuwa karibu kumaliza masomo. Badala yake alikubali kuisoma. Basi Ngũgĩ akarudi chumbani na deni shingoni, akakaa chini, na hadithi aliyokwisha kuitangaza ikambidi sasa aitunge. Ndiyo hadithi iitwayo The Fig Tree, iliyotoka katika Penpoint mwaka 1960. Ni habari ya mwanamke aliyekosa mtoto na kupigwa na mumewe, akakimbia nyumba yake usiku na kupata kimbilio chini ya mti wa mugumo. Baadaye aliiingiza katika mkusanyo wake wa hadithi fupi wa mwaka 1975 kwa jina la mti huo.

Sasa tujiulize, Kariara alitoa nini? Hakutoa sifa, kwani hapakuwa na kitu cha kusifiwa. Hakutoa fedha. Alitoa masikio, kisha akatoa ahadi ya macho yake. Aliifanya hadithi ambayo haijazaliwa iwe na mtu anayeingojea. Watu wanaozaa wanajua tofauti iliyopo kati ya mtoto anayengojewa, ambaye nguo zake zimekwisha kukunjwa sandukuni, na yule ambaye hakuna aliyeuliza siku zake. Kariara mwenyewe alikuja kuwa mshairi na mhariri wa vitabu huko Nairobi, na sishangai: mtu aliyeweza kuingojea hadithi ambayo haijaandikwa alikuwa tayari mhariri.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni 1962, Makerere ilipata wageni ambao mfano wao haujaonekana tena mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Ulikuwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo kutoka Nigeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini, Langston Hughes kutoka Marekani. Na kutoka upande wetu walikuwapo akina mama wawili, Grace Ogot na Rebeka Njau. Ngũgĩ alikuwa bado mwanafunzi, mwenye umri wa miaka 24, naye alialikwa kwa ajili ya hadithi zake fupi. Alikuwa na mswada wa riwaya. Akampelekea Achebe.

Achebe hakuwa mzee wa kuketi pembeni akingoja kusalimiwa. Alikuwa na umri wa miaka 31, riwaya yake Things Fall Apart ilikuwa imetoka mwaka 1958, na kila mtu mkutanoni alitaka kusema naye. Aliyewahi kuhudhuria mkutano wowote anajua siku zake zinavyokwenda: asubuhi hotuba, mchana mabishano, jioni karamu. Kupata saa za kusoma mswada wa mwanafunzi katikati ya hayo si jambo dogo. Ni kuiba katika usingizi wako mwenyewe. Achebe aliusoma, akampa kijana maoni yake, kisha akafanya jambo la pili lililo kubwa zaidi: aliutaja mswada huo kwa wachapishaji wa Heinemann waliokuwa naye karibu. Mwaka 1964 ukatoka kuwa kitabu, Weep Not, Child, katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika ambao Achebe huyo huyo alikuwa mhariri wake.

Wapo wasemao kwamba Achebe alikuwa na moyo mwema, na habari ikaishia hapo. Mimi naona kwamba Achebe alikuwa akilipa. Yeye naye alikuwa ameokolewa. Alipomaliza kuandika Things Fall Apart kwa mkono, aliufunga mswada wake, na nakala nyingine hakuwa nayo, akaupeleka kwa posta mpaka London kwa watu waliotangaza kazi ya kupiga chapa. Wakadai fedha, akapeleka. Kisha kimya. Akaandika barua, kimya. Miezi ikapita. Mkubwa wake katika kazi ya redio huko Lagos, bibi mmoja wa Kiingereza aitwaye Angela Beattie, alikuwa akienda likizo kwao mwaka 1957. Achebe akamweleza shida yake. Bibi yule alipofika London alikwenda kwa miguu yake mpaka kwenye ofisi ile, akasimama mbele yao, akauliza mswada uko wapi na kwa nini haujapigwa chapa. Ulikuwa umetupwa pembeni ukishika vumbi. Muda si muda ukapigwa chapa ukarudi Lagos. Achebe alisema baadaye kwamba mswada ule ungalipotea, huenda angalikata tamaa kabisa na kuacha.

Nampenda sana bibi huyu, ingawa vitabu havisemi mengi juu yake. Hakuandika utangulizi, wala hakutoa hotuba juu ya fasihi ya Kiafrika. Alikatiza likizo yake akaenda kuuliza swali katika ofisi. Sisi watumishi wa ofisini tunajua nguvu ya mtu anayekuja mwenyewe, akasimama, asiondoke. Faili lililolala miezi sita huamka kwa dakika tano. Kama asingalikwenda, Achebe asingalikuwa Achebe aliyefika Makerere miaka mitano baadaye, na sijui ule mswada wa kijana wa Limuru ungalisomwa na nani.

Lakini kuna kiti kimoja ambacho hakikukaliwa katika mkutano ule, na mwandishi wa Kiswahili hawezi kuusimulia bila ya kukitazama. Shaaban Robert hakualikwa. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika Kiingereza, naye aliandika Kiswahili. Basi kwa sharti hilo moja mshairi mkubwa kuliko wote katika Afrika Mashariki alibaki nje. Ngũgĩ mwenyewe aliliona kosa hilo, akaliandika wazi katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, wakati ambapo alikuwa amekwisha kugeukia kuandika kwa Kigikuyu. Na kinachochoma zaidi ni tarehe. Shaaban Robert alifariki dunia mwezi uo huo wa Juni 1962. Wakati vijana walipokuwa wakijadiliana Makerere juu ya fasihi ya Afrika itakavyokuwa, mtu aliyekwisha kuiandika kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa katika siku zake za mwisho.

Shaaban Robert ananihusu kwa njia nyingine pia. Alikuwa karani wa serikali. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akahamishwa idara hii na ile, akaishia katika kazi ya upimaji ardhi, akatumika hivyo mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Kusadikika, Pambo la Lugha, Adili na Nduguze, vyote hivyo viliandikwa na mtu ambaye asubuhi alipaswa kuwa mezani pake kwa saa iliyowekwa. Na alikuwa na mtu wake. Kwa miaka mingi aliandikiana na nduguye, Yusuf Ulenge. Barua hizo za tangu 1931 hata 1958 zilikusanywa na Profesa M. M. Mulokozi zikachapishwa mwaka 2002. Nawasihi wasomaji wazitafute. Ndani yake mshairi yule wa heshima anaonekana akiwa ndugu miongoni mwa ndugu: mambo ya ukoo, ya kazi, ya fedha, ya vitabu visivyopata mchapishaji. Ndugu aliyezipokea alizitunza. Huko nako ni kumtia mtu moyo, kuziweka barua zake kana kwamba ni hati za shamba.

Namrudia Ngũgĩ kwa jambo moja tu, nalo ni namna alivyotoa shukrani zake. Alizitoa katika vitabu vitatu vya kumbukumbu, vya mwaka 2010, 2012 na 2016. Humo mama amo na swali lake, rafiki wa leseni yumo, Kariara yumo. Ni shukrani nzuri, zenye majina na mambo yaliyotendeka. Lakini nikitazama tarehe moyo wangu hausemi vyema. Kariara alifariki mwaka 1993. Kitabu cha mwaka 2016 kinachosimulia kisa kile cha hadithi isiyoandikwa hakikumkuta. Pengine walikwisha kuchekeshana nacho mara mia walipokuwa hai, nami nataraji ndivyo. Bali ukurasa wenyewe hakuusoma.

Kwa hiyo mimi, mtu wa hadithi tatu, nimeona nisingoje kitabu. Nitawataja watu wangu sasa, bila ya majina, kwa kuwa hawakuomba kutangazwa. Watajijua.

Wa kwanza ni mkufunzi wetu wa lugha chuoni. Alikuwa mchache wa maneno. Tulimwogopa kwa wino wake mwekundu uliofanya insha zetu zionekane kama zimechinjwa. Siku moja nilirudishiwa insha iliyojaa wekundu tangu juu hata chini, na chini kabisa neno moja: "Endelea." Sikujua kama ni amri au ni huruma. Sasa naona jambo lenye thamani halikuwa neno lile bali wekundu ule wote. Mtu huyo alikuwa na wanafunzi arobaini na kitu, na insha yangu alikuwa ameisoma kila sentensi.

Wa pili ni binti wa duka la kupiga chapa pale Wandegeya. Nilimpelekea hadithi yangu ya kwanza, kurasa kumi na nne za mwandiko wangu mbaya. Nilipokwenda kuichukua alinitoza kurasa kumi. Nilipomkumbusha, alisema zile nne za mwisho hakuzipiga kwa ajili ya fedha, alikuwa akitaka kujua kama yule mwanamke atafungua mlango. Sijawahi kupata tuzo ya fasihi, wala sitarajii, lakini kurasa nne za Wandegeya nimeziweka mahali pake.

Mume wangu hana habari na fasihi. Ni mtu wa hesabu katika chama cha ushirika. Hadithi anaisoma kama asomavyo mizania, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Aliposoma ile ya pili alinyamaza sana, nami nikadhani ameguswa. Kisha akasema, "Mama Kato, huyu bwana wako wa hadithi hawezi kununua baiskeli hii. Kwa mshahara uliompa, ukitoa kodi ya nyumba na unga, itamchukua miezi saba." Nilikasirika. Lakini alikuwa amesema kweli, na ile miezi saba nilipoiingiza ndiyo iliyoipa hadithi uti wa mgongo, kwani mtu anayeingojea baiskeli miezi saba ana mengi ya kufanya na ya kutenda dhambi. Zaidi ya hayo, kila Jumamosi alasiri yeye ndiye anayemenya matoke na kuwaogesha watoto ili mimi nipate meza. Majirani wamemcheka. Mmoja alimwuliza kama amelishwa kitu. Yeye huendelea kumenya. Saa tatu kwa juma, kwa mwaka mzima, ni zaidi ya saa mia moja na hamsini. Hesabu hiyo amenifanyia yeye mwenyewe, bila ya kuulizwa.

Sitaki kuficha kwamba walikuwapo pia wa upande wa pili. Mkubwa mmoja wa kazi, nisiyemtaja wala ofisi yake, alipata kusema mbele ya watu kwamba karatasi ya serikali si ya hekaya za jikoni, ilhali karatasi zangu nilizinunua kwa fedha zangu. Maneno yale yalinikaa kooni kwa siku nyingi. Yanaanza kushuka sasa.

Na wa mwisho ni mzee wa masjala. Ofisi yenye masjala nzuri inajulikana kwa mzee wake, na wetu anajua lilipo kila jalada lililofunguliwa kabla ya wengi wetu kuajiriwa. Aliniona siku moja wakati wa chakula cha mchana nikiandika. Akauliza ni barua ya kwenda wapi. Nikamwambia ni hadithi ya mwanamke wa kisimani. Basi tangu siku hiyo, kila nilipopita mlangoni pake kuchukua majalada, aliinua miwani yake na kuuliza, "Mwalimu, yule mwanamke amefika wapi?"

"Bado yuko kisimani, Mzee."

"Maji hayajajaa tu? Haya. Kesho."

Hivyo tu. Hakuwahi kuniambia kwamba nina kipaji, wala hakuwahi kuniuliza nitalipwa ngapi. Lakini nilianza kuona haya kupita mlangoni pake mikono mitupu, nikawa usiku naandika japo nusu ukurasa ili kesho yake nimwambie kwamba mwanamke sasa ametwika mtungi, kwamba sasa amekutana na mtu njiani. Nilipokuja kusoma kisa cha Kariara nilifahamu nilikuwa nimekwisha kukisoma katika masjala yetu.

Yamkini nyumbani mwako, msomaji, yumo mtu wa namna hii: binti anayeficha daftari chini ya godoro, au kaka anayejaribu mashairi nyuma ya madaftari ya shule. Usimwambie kwamba atakuwa mtu mkubwa. Hujui, naye anajua kwamba hujui. Mwulize mtu wa hadithi yake amefika wapi, kisha kesho umwulize tena. Akikupa usome, soma mpaka mwisho, na ukiona baiskeli imenunuliwa kwa mshahara usiotosha, sema. Mpe meza kwa saa zinazojulikana, na ukishampa usimwite kuja kutafuta chumvi. Na kwa ninyi mlioandika chochote mwaka huu, hata kama ni barua moja nzuri gazetini, chukueni karatasi kabla ya tarehe 31 mkawaandikie watu wenu. Taja kitu alichofanya, siku yake, na kilichotokea baadaye. Mtu akiambiwa "asante kwa yote" hajui ameshukuriwa kwa lipi, kama mgonjwa anayepewa dawa bila ya kuambiwa ni ya kichwa au ya tumbo.

Mimi nimekwisha kuandika mbili, ya mkufunzi na ya binti wa Wandegeya. Mume wangu amesema asiandikiwe barua na mtu anayelala naye nyumba moja, bali angependa kisu kipya cha kumenyea, kwa kuwa hiki kimekwisha makali. Atakipata.

Inabaki ya mzee wa masjala, na hiyo ina haraka yake. Anastaafu mwisho wa mwezi huu. Ijumaa ijayo tutamfanyia chai ya kumwaga, mkurugenzi atatoa hotuba na mzee atapewa redio, kisha atapanda basi kwenda kwao mbali, ambako husema ana migomba inayomngojea. Masjala ataachiwa kijana mwenye kompyuta, mwema, asiyeuliza kitu. Mwanamke wangu bado hajafika nyumbani na mtungi wake. Zimebaki kurasa tatu, na Jumamosi ni moja tu kabla ya siku hiyo. Nimeomba meza kwa alasiri nzima mpaka usiku. Kurasa hizo zitaingia katika bahasha moja na barua yake, nami nitampa mkononi kabla ya hotuba, maana baada ya hotuba watu watakuwa wengi.